Kitu kimeharibika baada ya miezi kadhaa na mwenye duka anakuruka: maswali mnayouliza sana

Haya maswali mengi yanafanana kwa hio nimeyaweka pamoja. Ni ya Kenya, nikitoka nje ya Kenya nitasema. Kama ni nyumba au lori tafuta wakili, lakini friji, simu, godoro na tivii hazihitaji wakili, zinahitaji ujue haki yako na uwe na makaratasi.

Nilinunua friji mwezi wa pili, sasa ni mwezi wa nane na haigandishi tena. Waranti ilikua ya miezi sita na imeisha juzi. Nimeumia?

Hapana, bado. Hapa ndo watu wengi wanapotea. Waranti ni ahadi ya duka ama kampuni, wamejiandikia wenyewe, wameipima wenyewe, wanaweza kuandika miezi mitatu au miaka miwili au wasikupe kabisa. Haki ya sheria ni kitu kingine, haikuandikwa na mwenye duka na haiishi siku ile kadi ya waranti inaisha. Friji ni kitu mtu ananunua akitarajia miaka, si miezi sita, na kama imekufa mapema hivyo bila wewe kuitesa, swali linabaki palepale: je, ulivyouziwa ilikua ya ubora unaofaa? Kwa hio mtu wa kaunta akikwambia "waranti imeisha, hakuna kitu tunaweza kufanya", mwambie vizuri tu kwamba huzungumzii waranti, unazungumzia sheria. Wengi hubadilisha sauti hapo hapo.

Sheria gani hio, mbona hatujawahi kuisikia?

Kwanza Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na ana haki ya kulipwa fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro ya bidhaa. Iko ndani ya Katiba kabisa, si mchezo.

Alafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, kifungu cha 5: anayekuuzia anahesabiwa kua ameahidi kwamba kitu kina ubora wa kuuzika, hata kama hakufungua mdomo. Na kuna ile ya zamani, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo kifungu chake cha 16 kinasema karibu hivyo hivyo kwa muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza vitu vya aina hio. Kifungu hicho kina jambo la pili ambalo watu hawalitumii kabisa: ukimwambia muuzaji unataka kitu cha kazi fulani na ukategemea ujuzi wake, basi kinatakiwa kifae kwa kazi hio. Umeingia dukani ukasema nataka pampu ya kisima cha futi kadhaa, akakwambia chukua hii, ikaungua kwa sababu haina nguvu hio, hapo tayari una hoja, hata kama pampu yenyewe haina ubovu. Ila kama ulienda ukataja jina la kampuni na modeli mwenyewe, hujauliza ushauri, hoja hio inapungua nguvu.

Na ya mwisho ni Sheria ya Ushindani ya 2010, hio tutaifikia kwa malalamiko.

Lakini risiti imeandikwa chini kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Hayo maandishi yako kila mahali, kuanzia Luthuli Avenue Nairobi mpaka Biashara Street Mombasa, na yanafanya kazi moja tu nzuri, kukutisha. Yana maana kama umebadilisha nia, umenunua viatu ukafika nyumbani ukaona rangi haikupendezi, hapo duka halilazimiki kukurudishia. Kwa kitu kibovu ni habari nyingine. Ile sheria ya 2012 inasema maneno ya mkataba yanayojaribu kufuta masharti ya ubora hayana nguvu. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ushindani inakataza muuzaji kumdanganya mteja kuhusu haki zake na kuhusu waranti. Kwa hio anayekuonyesha hilo karatasi kama ushahidi amekupa wewe ushahidi, lipige picha.

Sawa, ni miezi mingapi basi? Nipe namba.

Hakuna namba, na hili ndo jambo linaniudhi kwa sheria yetu. Inazungumzia "muda unaofaa" bila kusema ni wiki ngapi. Namba pekee ya uhakika ni ya kwenda kortini: dai la mkataba unalo miaka 6. Lakini miaka 6 ya kushtaki si miaka 6 ya kurudisha kitu, usichanganye hayo mawili, na kila mwezi unaokaa kimya unampa muuzaji neno la kusema.

Kinachofaa kinategemea kitu chenyewe. Betri ya tochi ya mia mbili ikifa baada ya miezi minne hakuna atakayekusikiliza. Godoro la elfu ishirini likizama katikati baada ya miezi minne, hapo kila mtu mwenye akili anaona kuna kasoro. Angalia bei, angalia duka lilikuahidi nini, na kitu kama hicho kwa kawaida hudumu muda gani.

Nitarudishiwa pesa zote ama watanitengenezea tu?

Hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu watu wengi wanaenda dukani wakitaka kitu ambacho sheria haiwapi, wanakataliwa, wanarudi nyumbani bila chochote.

Ukigundua ubovu mapema, siku za kwanza, na ukasema mapema, unaweza kukikataa kitu kabisa na kudai pesa yako. Lakini ukishakipokea, ukakitumia, miezi imepita, kisheria unahesabika umekikubali. Ukishakubali, kawaida huwezi tena kukirudisha kama vile hakukua na biashara, unachobaki nacho ni dai la fidia. Fidia hio msingi wake ni tofauti ya thamani: kitu kingekua na thamani gani kama kingekua kizima, na ulichopewa kilikua na thamani gani kweli na ubovu wake. Kwa maisha ya kawaida hio mara nyingi inakaribia gharama ya kutengeneza, au kama hakitengenezeki, sehemu kubwa ya bei. Na unaweza kuongeza hasara iliyofuata moja kwa moja, mfano nyama na samaki walioharibika ndani ya friza kama unauza samaki na muuzaji alijua ni ya biashara, lakini uwe na risiti za hio mali, si kukadiria kwa mdomo.

Kwa hio miezi sita ikipita mimi ningeomba hivi: nitengenezeeni bure, mkishindwa mnibadilishie, mkishindwa mnilipe gharama. Maduka mengi yanakubali kutengeneza kwa sababu ni rahisi kwao kuliko kutoa pesa. Ukianza na "nataka pesa zangu zote leo" mtu anafunga masikio.

Nitajuaje, ama nitaonyeshaje, kwamba ubovu ulikuepo tangu mwanzo na sio mimi?

Kwetu wewe unayedai ndo unathibitisha, hio ndo shida kubwa ya kesi za miezi kadhaa. Si lazima uthibitishe kama kesi ya mauaji, unatakiwa uonyeshe kua inawezekana zaidi kwamba ni kasoro kuliko matumizi mabaya.

Jambo la kwanza, USIPELEKE kwa fundi wa mtaani akaifungua kabla muuzaji hajapewa nafasi ya kuiangalia. Ukishavunja ile stika ya skrubu, muuzaji atasema wewe ndo umeiharibu na utakua umemsaidia. Ijulishe duka kwanza, kwa maandishi, wape siku kadhaa waje au waipokee. Wakikataa ama wakinyamaza, hapo sasa peleka kwa fundi anayejulikana, mwenye duka na muhuri, aandike ripoti: tarehe, jina la kifaa, seriali namba, amekuta nini, na kwa maoni yake imesababishwa na nini. "Kompresa imekufa" haitoshi. "Kompresa imekufa, hakuna dalili ya kuungua kwa umeme, gesi ilikua inavuja kwa kiungo ambacho hakikuchomwa vizuri kiwandani", hio ndo ripoti. Mlipe, omba risiti ya kazi yake, utaidai pia.

Piga video kabla ya kitu chochote kuguswa. Na ukienda mtandaoni ukakuta watu wengine wa modeli ile ile wanalia shida ile ile, piga skrinshoti, haithibitishi kila kitu lakini inasaidia.

Wanasema ni stima ndo imeiharibu. Ama ni maji.

Wanasema hivyo kwa kila kitu chenye waya. Usibishane kwa mdomo, waambie waandike: nani ameikagua, ameona nini, ni sehemu gani imeungua. Umeme ukipanda kwa ghafla kawaida huacha alama, fyuzi imelipuka, sehemu ya pawa kwa bodi imeungua, na mara nyingi vitu vingine ndani ya nyumba vimekufa siku ile ile. Kama majirani walikua na stima ile ile na vitu vyao viko sawa, sema hivyo.

Kwa simu wana ile stika ndogo ndani inayobadilika rangi ikiguswa na maji. Sisi wa Pwani tunajua unyevu ulivyo, na wateja wanasimulia wameambiwa simu imeingia maji na haijawahi kuona hata mvua. Omba uonyeshwe, omba picha. Na kusema kweli, kama iliingia maji iliingia maji, hapo huna dai.

Duka linasema nenda kwa kampuni iliyotengeneza, sisi tunauza tu.

Mkataba wako ni na aliyekuuzia. Ulimpa yeye pesa. Hujawahi kukutana na kiwanda, hujui hata kiko mji gani. Unaweza kwenda kwa kituo cha huduma cha kampuni ukitaka, wakati mwingine ni haraka zaidi na kama waranti ya kampuni bado iko hai ni bora uitumie, lakini ni hiari yako, duka haliwezi kukusukuma huko na kunawa mikono.

Tofauti ni pale kitu kimeleta madhara, betri imelipuka, gesi imechoma mtu. Hapo Sheria ya Ushindani inafungua njia ya kuwafikia na wengine waliokisambaza, na hio kesi usiifanye peke yako.

Risiti nimepoteza.

Risiti ni ushahidi, sio haki yenyewe. Ulilipa kwa M-PESA? Meseji iko, na kama umeifuta piga *334#, nenda kwa akaunti yako, omba stetimenti, itakuja kwa imeili. Namba ya till na jina la biashara vitaonekana pale. Kadi ya benki pia inaacha rekodi. Boksi lenye seriali namba, meseji za WhatsApp mlizoandikiana na muuzaji, dilivari noti, hata boda aliyekuletea ni shahidi. Ulilipa keshi na huna chochote? Rudi dukani uombe nakala, mashine za kodi zinaweka kumbukumbu, akikataa basi hapo ni pagumu.

Vitu vya mitumba na laptop za ex-UK (zilizotumika Uingereza), hizo zina haki?

Zina, kama umenunua kwa mtu ambaye hio ndo biashara yake. Ila kiwango kinashuka, huwezi kutarajia laptop ya miaka mitano ikae kama mpya. Na kama ulipewa nafasi ukaikagua, kasoro ambayo ungeiona kwa kuangalia tu (kioo kimepasuka, kibodi haina herufi mbili) huwezi kuilalamikia baadaye. Ubovu uliojificha ni jambo lingine. Na ukiuziwa refab (kitu kilichotumika kikarekebishwa) ukaambiwa ni mpya huo ni uongo wa moja kwa moja, peleka hilo kama udanganyifu.

Nilinunua kwa mtu binafsi, alikua anahama akauza vitu vya nyumba.

Hapo uko karibu peke yako. Sharti la ubora linamshika mfanyabiashara. Mtu binafsi unamshika kwa alichokuambia tu, akisema "haijawahi kufunguliwa" na imefunguliwa mara tatu, amesema uongo. Ndo maana mazungumzo yafanyike kwa meseji.

Nimenunua mtandaoni.

Haki ni zile zile. Tafuta tu nani hasa aliuza, maana kwa zile soko kubwa za mtandaoni jina la muuzaji limeandikwa pembeni kwa herufi ndogo na si jina la mtandao. Lalamika kwa wote wawili, kupitia njia yao ya malalamiko na kwa imeili, na uhifadhi ukurasa wa tangazo kabla haujafutwa. Kama ni ukurasa wa Instagram usio na jina wala ofisi, namba ya till ndo uzi wako wa pekee.

Simu ni ya lipa polepole na imeharibika, niache kulipa?

Usiache kimya kimya, itafungwa na utaonekana wewe ndo mkosaji. Andika malalamiko kwanza, eleza kua kifaa hakifanyi kazi, uliza malipo yatakuaje wakati kiko kwa matengenezo. Wakikujibu una kitu mkononi, wasipojibu pia una kitu.

Wameitengeneza mara ya tatu sasa na inaharibika tena.

Kila ikirudi omba karatasi ya kazi yenye tarehe ya kuingia na kutoka. Wakishashindwa mara kadhaa kwa tatizo lile lile, wao wenyewe wamekubali kwamba kasoro ipo, na hoja ya "ni wewe" imekufa. Hapo acha kupeleka, dai kubadilishiwa ama kulipwa.

Nikiandika malalamiko niandike nini?

Fupi, bila matusi, bila historia ya ukoo. Mfano:

"Habari. Tarehe 1 Februari nilinunua kwenu friji (modeli na seriali namba) kwa Sh 48,000, risiti nimeambatisha. Tangu tarehe 3 Agosti haigandishi. Nimeitumia kawaida. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, kifungu cha 5, naomba muitengeneze bila malipo au mnibadilishie ndani ya siku 14. Msipofanya hivyo nitapeleka dai katika Mahakama ya Madai Madogo bila kuwajulisha tena."

Tuma kwa imeili na kwa WhatsApp, na kama unaweza peleka karatasi dukani wagonge muhuri kwenye nakala yako. Mazungumzo ya simu hayana faida, baada ya simu tuma meseji "kama tulivyoongea leo saa nne, umesema..."

Naenda kwa nani, KEBS?

KEBS ni Shirika la Viwango la Kenya, ukiripoti kua bidhaa ni feki ama chini ya kiwango wanaweza kuiondoa sokoni, lakini hawatakurudishia pesa ya friji. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ndo inapokea malalamiko ya watumiaji, hasa udanganyifu kuhusu bidhaa na waranti, na kulalamika ni bure. Ni nzuri ukiwa unaona duka linafanya hivyo kwa kila mtu. Ukitaka pesa yako wewe, mimi naona njia fupi ni korti ndogo.

Korti? Kwa friji?

Ndio, kwa friji. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya 2016 na ya kwanza ikafunguliwa Milimani Nairobi mwaka 2021, baadaye zikafuata nyingine pamoja na hapa Mombasa. Inasikiza madai yasiozidi shilingi milioni 1, kuuziana bidhaa kukiwemo, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Huhitaji wakili. Kanuni za ushahidi sio kali kama korti zingine, unaeleza kilichotokea, unaonyesha meseji na ripoti ya fundi, mwenye duka anaeleza yake. Unaweza kujieleza kwa Kiswahili. Kufungua ni kupitia mfumo wa mtandao wa Idara ya Mahakama, na kama mtandao unakusumbua nenda rejista ya korti iliyo karibu uulize.

Kosa linalowaangusha wengi ni jina. Unashtaki "Fulani Electronics" na kumbe hio ni bango tu, biashara imesajiliwa kwa jina la mtu au la kampuni nyingine. Kabla ya kufungua, fanya utafutaji wa jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ama angalia jina lililo kwa risiti ya kodi.

Na kesi nyingi haziendi mbali, mwenye duka akipata hati za korti anapiga simu mwenyewe. Mkikubaliana andikeni na muweke kwenye faili ya korti.

Nina dada yuko Uingereza anasema kwao ni rahisi sana.

Ni kweli. Kule sheria ya 2015 inampa siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kupata pesa yote, na ubovu ukitokea ndani ya miezi 6 unahesabika ulikuepo tangu mwanzo, muuzaji ndo athibitishe sivyo. Baada ya siku 30 muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, akishindwa unadai pesa au punguzo. Nchi za Umoja wa Ulaya zina dhamana ya kisheria isiopungua miaka 2, na kwa kitu kilichonunuliwa kuanzia 2022 ule mzigo wa ushahidi unabaki kwa muuzaji angalau mwaka mzima. Hicho ndo kitu tungehitaji hapa zaidi ya kampeni za mabango. Lakini kama dada amekununulia simu huko akakutumia, haki ni yake dhidi ya duka la huko, si yako dhidi ya duka la hapa.

Na ile niliyonunua Dubai nikiwa safari?

Kwa sheria labda, kwa vitendo sahau, isipokua iwe na waranti ya kampuni ya dunia nzima. Ila kama muuzaji wa hapa ndo aliitoa Dubai akakuuzia, anajibu yeye, asikwambie "hii ni ya Dubai haina waranti".

Niko Tanzania.

Msingi unafanana, kwa sababu sheria za mauzo ya bidhaa za nchi zote mbili zimetoka kwa ile ya Uingereza ya 1893. Kwenu malalamiko ya mlaji yanakwenda kwa Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Shika risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Nimeshinda kesi lakini mwenye duka halipi.

Hukumu ni deni. Rudi korti ile ile uombe utekelezaji, korti ikitoa hati, madalali wa mahakama wanaweza kukamata mali ya biashara yake na gharama zao zinaongezwa kwake. Ndo maana nikasema jina lake ulihakikishe mapema, maana dalali hawezi kukamata mali ya bango.